Karura haikuokolewa na shujaa mmoja

Kila Septemba 25 tunafanya kitu kimoja. Tunaweka picha ya Wangari Maathai, maneno matamu chini yake, watu wanalike, kesho tumesahau. Mimi pia hufanya. Mara ya mwisho nilimwonyesha shosho posti yangu kabla sijaituma, akaniuliza, "Na wewe kijana, unajua siku hiyo alikuwa na nani?"

Sikujua. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo nikaingia ndani.

Karura ni msitu wa hekta kama 1,000 ndani ya Nairobi, na ni msitu wa serikali kisheria tangu 1932. Mwaka 1998 ikajulikana kwamba vipande vyake vimegawiwa kampuni za watu kimyakimya, wajenge nyumba za kifahari. Kampuni zenyewe zilikuwa zaidi ya 60. Moi ndiye alikuwa rais, na kumkatalia mkubwa wakati huo kulikuwa na bei yake. Oktoba mwaka huo watu wakaingia msituni na mashine za ujenzi zikachomwa. Wangari na wenzake wa Green Belt wakawa wanarudi tena na tena, wakibeba miche.

Januari 8, 1999, walifika langoni kupanda mti. Wakakuta kundi la walinzi na silaha zao. Wangari akapasuliwa kichwa, wabunge waliokuwa naye wakapigwa, wanahabari pia. Alipoenda polisi kuandikisha taarifa, aliweka sahihi kwa damu yake mwenyewe.

Posti zetu huishia hapo. Damu inauza.

Lakini msitu ulikuwa bado haujaokolewa. Wiki chache baadaye makomredi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta University, hapa kwetu Thika Road, wakaingia barabarani kwa sababu ya Karura. Wakalishwa vitoa machozi. Walikuwa rika letu, na majina yao huwezi kuyapata kwenye posta yoyote. Agosti 1999 ndipo Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Miaka hiyohiyo, kule California, msichana wa miaka 23 anaitwa Julia Butterfly Hill alipanda juu ya redwood, aina ya miti mirefu kuliko yote duniani, akakataa kushuka ili kampuni ya mbao isiukate. Alikaa juu siku 738, hadi Desemba 1999 kampuni ilipokubali kuuacha. Unajua kilichofuata? Mwaka 2000 mtu akaja na msumeno akaukata vibaya. Watu wakaukaza kwa vyuma, ukaishi. Hiyo sehemu ya vyuma haisimuliwi sana, na mimi ndiyo nimeipenda kuliko siku zote 738.

Karura nayo ilihitaji vyuma vyake. Baada ya ushindi ilibaki msitu wa kuogopwa, mahali pa majambazi na maiti za kutupwa. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliruhusu wananchi kuunda vyama na kusimamia msitu pamoja na serikali. Friends of Karura wakaanza 2009. Wakaweka ua wa umeme, wakaajiri vijana wa mtaa wa Huruma ulio pembeni mwa msitu kuulinda, wakaanza kung'oa mikaratusi kidogokidogo na kurudisha miti ya kienyeji. Leo watu wanaenda deti huko. Na bado haijaisha: 2025 kulikuwa na mvutano mkali kuhusu pesa za mlangoni ziende wapi, hadi kortini.

Nikarudi kwa shosho na haya yote, nikidhani atashangaa. Hakuwa Karura siku ile, asije akawadanganya. Yeye na kina mama wenzake walikuwa na kitalu chao huko juu Gatundu, wakiotesha miche kwenye mikebe. Green Belt iliwalipa kidogo tu, na kwa ile miche iliyoshika peke yake. Ukipanda mia na ishike kumi, unalipwa kumi. "Kupanda kila mtu anajua," akasema. "Wakati wa jua ndio walikuwa wanatukimbia."

Sasa mnajua Theta inavyoenda. Mashamba ya kahawa yanakatwa ploti, kila wiki kuna bango jipya. Pale mtoni tunapokaa jioni, chini ya ile mikuyu, mwezi jana nilikuta bikoni mbili mpya. Nilipiga picha, nikaandika kapsheni ya hasira. Watu mia nne walilike. Hakuna aliyeuliza ploti imeandikwa kwa jina la nani, hata mimi sikuuliza.

Jumatatu naenda ofisi ya ardhi kuuliza. Wawili wamesema watakuja, tuone kama wataamka. Na shosho amenipa mikebe ishirini ya maziwa, ameitoboa chini kwa msumari. Amesema atakuja kuhesabu Februari.