Neno «Ideali» katika Hesabu: Asili na Safari Yake

Mseminari wa filosofia akisikia neno «ideali», mara moja anamkumbuka Plato, ao anafikiri habari ya ukamilifu ambao mtu anautafuta maisha yake yote. Lakini akifungua kitabu cha hesabu za juu, analikuta neno lile lile likiwa na maana nyingine kabisa. Tueleze basi namna lilivyofika huko.

Katika hesabu za kawaida, kila namba inagawanyika katika namba tasa kwa njia moja tu: 6 ni 2 mara 3, basi. Lakini miaka ya 1840, Mjerumani Ernst Kummer alikuwa anachunguza namba za aina pana zaidi, akaona kwamba humo namba moja inaweza kugawanyika kwa njia mbili zisizopatana. Ili kurudisha utaratibu, alizidisha «namba za ideali», yaani namba ambazo hazionekani, akili tu inaziweka. Hapo neno lilikuwa bado karibu na Plato. Mwaka 1871 Richard Dedekind aliliteremsha chini. Pahali pa namba isiyoonekana aliweka mkusanyiko wa namba zilizopo kweli, wenye sheria mbili: ukijumlisha mbili za ndani, jibu linabaki ndani; ukizidisha moja ya ndani kwa namba yoyote, hata ya inje, jibu linabaki ndani. Mfano ni namba zote zinazogawanyika kwa 3.

Sasa tuje kwenye utaratibu wa ukubwa. Tuseme wachuuzi wawili wa Tunda wanaandika mali yao. Wa kwanza ana magunia 5 ya mchele na bidoni 1 ya mawese. Wa pili ana magunia 2 na bidoni 4. Nani anamzidi mwenzake? Hakuna. Huyu anazidi kwa mchele, yule kwa mawese. Hata hivyo kuna orodha moja ndogo kupita zote zinazowafunika wote wawili: magunia 5, bidoni 4. Na kuna moja kubwa kupita zote zilizo chini yao: magunia 2, bidoni 1. Orodha za namna hii zinajumlishwa, zinazidishwa, na deni linaandikwa kwa alama ya kutoa. Jamii yake inaitwa leo nafasi ya Riesz, kwa jina la Frigyes Riesz wa Hungaria, aliyefungua njia hiyo kwenye mkutano wa Bologna mwaka 1928. Leonid Kantorovich huko Leningrad, tangu 1935, na Hans Freudenthal huko Amsterdam, mwaka 1936, waliiendeleza.

Humo mkusanyiko unaitwa «solidi», maana yake imara usio na tundu, ikiwa kila orodha inayoingia inaingiza pamoja nayo zote zisizoizidi kwa ukubwa, deni likihesabiwa kama mali. Ukiwa solidi, tena kujumlisha na kuzidisha hakukutoi inje, ndiyo ideali. Orodha zisizozidi magunia 10 na bidoni 6 ni solidi, lakini si ideali, kwani ukizidisha mara mbili unaweza kutoka. Orodha ambazo mchele na mawese ni sawasawa zinajumlishwa vizuri, lakini si solidi: 4 na 4 imo, 4 na 0 ni ndogo kuliko hiyo, nayo haimo. Orodha zisizo na mawese hata kidogo, hizo ni ideali.

Kwa nini wakachukua jina la Dedekind? Kwa sababu kazi ni ile ile: kila kilicho ndani ya ideali unaweza kukihesabu kuwa si kitu, na hesabu inayobaki haiharibiki. Ukisahau mchele, bado unaweza kulinganisha mawese. Lakini jaribu kusema kwamba «4 na 4» si kitu. Basi «4 na 0» imebanwa kati ya sifuri na sifuri, nayo si sifuri. Utaratibu umevunjika.

Waliojenga elimu hii waliona utaratibu wa inje ukivunjika pia. Kisha vita ya kwanza, chuo cha Riesz kilihama Kolozsvár, mwisho kikawekwa Szeged. Freudenthal, kwa kuwa Myahudi, aliondolewa kazini wakati Wajerumani walipoikalia Uholanzi. Kantorovich, kutoka shida ya kiwanda kimoja cha mbao, alitoa mwaka 1939 njia ya kugawanya kazi na vifaa, akapata kwa sehemu Tuzo ya Nobel mwaka 1975.

Tangu mwanafunzi anaanza shule, anapangwa kwa namba moja: wa kwanza, wa pili, wa mwisho. Nafasi ya Riesz inatukumbusha kwamba utaratibu wa kweli si lazima uwe mstari mmoja. Wawili wanaweza kukosa aliye juu ya mwenzake, na hesabu ikabaki timamu. Mwenye kulazimisha mstari, sharti kwanza aseme amesahau nini, mchele ao mawese.