Chakula cha Mchana Buyenzi

Kwa mtu wa Luberizi, mji wa kigeni uko karibu kuliko makao makuu ya jimbo lake. Kwenda Bukavu ni kupanda milima ya Ngomo, roho mkononi, au kuvuka mpaka Kamanyola na kuzunguka Rwanda ili ufike katika nchi yako mwenyewe. Kwenda Bujumbura ni tambarare tupu: Sange, Kiliba na miwa yake, Kavimvira, muhuri wa mpakani, Gatumba, umefika. Ndiyo maana mwaka 1964, waasi walipoiteka Uvira, bibi yangu hakuiwaza Bukavu hata kidogo. Aliuvuka mto Ruzizi na watoto wake, akapokelewa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Baadhi ya watoto hao hawakurudi tena. Nikiaga kwamba naenda Bujumbura, nyumbani huniuliza jambo moja tu: nitalala kwa nani.

Mara hii nilitaka kuutembea mji kama mgeni hasa. Shemeji yangu, fundi wa magari Buyenzi, alifunga karakana akanizungusha.

Tulianzia Mugere, kusini mwa mji, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi hudhani hapa ndipo wawili hao walipokutana. Walikutana Ujiji wiki chache kabla. Hapa walilala tu njiani. Walikuwa wamekuja hadi ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika kuangalia kama Ruzizi unatoka ziwani au unaingia, kwa sababu Livingstone alikuwa akisaka chanzo cha Nile. Wakakuta unaingia.

“Shemeji,” nikamwambia, “hilo si angewajibu mtoto yeyote anayechunga ng’ombe kule kwetu?”

“Angewajibu,” akasema, “lakini jina lake lisingechongwa.”

Tukarudi mjini tukapanda mlima Vugizo, alikozikwa mwanamfalme Louis Rwagasore. Toka huko juu unaliona ziwa, na siku ikiwa safi unaiona milima ya Uvira imejipanga ng’ambo. Chama chake, UPRONA, kilishinda viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961, akawa waziri mkuu. Haukupita mwezi. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, akiwa mezani anakula katika hoteli ya Tanganyika karibu na ziwa, Mgiriki mmoja aitwaye Kageorgis alimpiga risasi. Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 ulimkuta kaburini.

Shemeji alipotaka tukale samaki kando ya ziwa, wanakokula watalii, nikakataa. Nikamwambia anipeleke kwa watu waliomuunga mkono Rwagasore mapema kuliko wengi: Buyenzi.

Habari ya mtaa huu inaanza na boma la Wajerumani. Mwaka 1897 walijenga kituo cha kijeshi hapa mjini, wakakiita Usumbura. Boma haliishi bila watu wa kulilisha na kulibebea mizigo. Wakaja askari, wapagazi, wapishi na wachuuzi, wengi wao kutoka Ujiji, Manyema na rasi ya Ubwari, na walisikilizana kwa Kiswahili. Hawakuwa wa kwanza kuipita njia hiyo. Kabla yao mfanyabiashara Rumaliza wa Ujiji alikuwa ameshaweka watu wake upande wetu, Uvira. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916, wakaufanya makao makuu ya Ruanda-Urundi, kisha wakaugawa: Wazungu kwao, Waasia karibu na maduka yao, Waafrika Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Njia zilinyooshwa kwa kamba, zikapewa namba badala ya majina, na namba hizo zinatumika hadi sasa. Katika sheria ya kikoloni, watu wa mitaa hiyo walihesabiwa kuwa wako nje ya mila, maana hawakuwa chini ya chifu yeyote. Mtu aliyekaa Buyenzi Ijumaa adhuhuri, saa ya swala, atashangaa kusikia eti ni watu wasio na mila.

Kwa wafanyabiashara kama hao, mwanamfalme aliyeanzisha ushirika wa wachuuzi mwaka 1957, na aliyeongea nao Kiswahili bila mkalimani, hakuwa mgeni. Wakati Wabelgiji wanamwona msumbufu, wao walikuwa wameshamtandikia mkeka.

Mama muuza chakula alituwekea bukari wa muhogo, sombe iliyokolea mawese, ndagala wa kukaanga na mukeke mzima wa kuchoma. Nilimuuliza kama mukeke ni wa Burundi au wa Kongo. Akanitazama kama niliyeuliza kabila la mvua. Chai ya tangawizi ilifuata, chungu kidogo, na shemeji akamaliza vichwa vya samaki ambavyo mimi huviacha. Wazee meza ya pili walikuwa wanabishana kuhusu mpira kwa Kiswahili cha Fizi, neno kwa neno kile cha mjomba wangu.

Jioni tuliingia Ruvumera, soko la papo hapo Buyenzi. Soko kuu la katikati ya mji liliungua tarehe 27 Januari 2013, na wachuuzi wengi waliounguliwa wakahamia huku. Pamebanana mno, lakini bei husikika kwa sauti, si kama madukani. Nilichagua kitenge cha mke wangu, nikaanza kuomba nipunguziwe.

“Wewe ni wa Uvira,” muuzaji akakatiza.

“Luberizi.”

Akateremsha bei mara moja. Babu yake, akasema, alitokea Luvungi. Shemeji, aliyezaliwa hapa hapa, akaomba bei hiyo hiyo, akanyimwa.