Butula: Karo iliyofutwa mara tatu

Shule zinapofunguliwa Januari, soko la Bumala hujaa kuku. Huletwa kwa baiskeli na boda boda kutoka Elugulu, Kingandole na vijiji vya Marachi, miguu imefungwa kwa nyuzi za magunia, na wachuuzi wanaowanunua wanajua kwamba wiki hiyo muuzaji hana ubavu wa kukataa bei. Mama akishapokea hela haendi mbali. Anaingia kwa fundi wa cherehani kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, anamchagulia mtoto sare inayomfunika hadi vidoleni, na kumwambia fundi aache pindo nene kwa ndani ili lifunguliwe mwakani. Kinachobaki ni cha rimu ya karatasi, fagio, manila na mchango wa mtihani.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoitwa karo. Karo ya shule za msingi za umma ilifutwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2003. Kabla yake iliwahi kufutwa na Jomo Kenyatta, kisha na Daniel arap Moi. Mara tatu katika muda wa miaka thelathini. Anayesoma matangazo hayo peke yake atadhani mzazi wa eneobunge la Butula, kaunti ya Busia, alishapumua kitambo. Lakini kila serikali ilipoondoa gharama kubwa kwa tangazo, ndogo ndogo zilibaki langoni, na hizo ndizo zilizowatoa watoto wa maskini darasani na kuwazuia mama zao kufika zahanati.

Wamarachi, wenyeji wa Butula, walianza kudaiwa fedha taslimu kwa sababu ya familia zao mwanzoni mwa karne iliyopita, ukoloni ulipoleta kodi ya nyumba. Mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Asiyekuwa na fedha alizitafuta kwa kibarua mbali na kwao. Shule zilikuja na wamisheni, na wazazi walilipa ili watoto wasome. Uhuru ulipokaribia, manifesto ya chama cha KANU ya 1963 iliahidi elimu ya msingi bila malipo kwa miaka saba, na watu wakaisubiri ahadi hiyo kwa miaka kumi.

Nchini kote ilianza kutimia Sikukuu ya Jamhuri, Desemba 1973. Kenyatta alitangaza kwamba darasa la kwanza hadi la nne hakuna kulipa, na kuanzia la tano hadi la saba karo iwe Sh60 kwa mwaka nchi nzima. Shule zilifurika. Watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa takriban 379,000 mwaka 1973, walifika kama 958,000 mwaka uliofuata. Walimu hawakutosha, madawati hayakutosha, na tangazo halikuwa limesema nani atajenga madarasa. Kamati za shule zikalazimika kujibu swali hilo, na jibu lao likawa pesa za majengo. Katika sehemu nyingi za nchi mchango huo ulizidi karo iliyofutwa. Watoto walioingia kwa furaha Januari 1974 wakaanza kutoka, darasa baada ya darasa, na kasi yao ya kuacha shule ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa kabla ya tangazo.

Moi alipochukua madaraka 1978 aliondoa hata karo iliyosalia ya madarasa ya juu, na 1979 akaleta maziwa ya bure katika pakiti zile za pembetatu. Waliosoma miaka hiyo wanayataja maziwa hayo mpaka leo kwa upendo, na haki yao. Halafu 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Kila shule ya msingi ikahitaji chumba cha darasa la nane, karakana ya useremala, mahali pa sayansi kimu, vitambaa vya ushonaji, misumari na mbao. Wazazi waliambiwa wachange, wakachanga. Mwisho wa miaka ya themanini Serikali, ikibanwa na wakopeshaji wa nje, iliufanya mchango wa mzazi kuwa sera rasmi kwa jina la kugawana gharama. Desemba 1989 hospitali za umma nazo zikaanza kutoza. Wagonjwa walipungua kwa namna ya kutisha hata ada ya kumwona daktari ikasimamishwa Septemba 1990, kisha ikarudishwa kidogo kidogo.

Butula ilikuwa na kinga yake, nayo ni miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kusaga 1973, na mashamba ya huku yakageuka miwa. Tatizo lilikuwa kalenda. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu na zaidi kabla ya kukatwa, malipo huja baada ya hapo yakiwa yamekatwa mbolea na usafiri, ilhali shule hudai kila muhula. Katikati ya mavuno na muhula ndipo mkopeshaji wa kijiji alipotajirikia, akinunua muwa mchanga kwa bei ya kutupa kutoka kwa baba aliyekuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani. Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu Septemba 2019, hata kinga hiyo yenye matobo ilikuwa imeondoka.

Miaka ya tisini ndiyo iliyouma zaidi. Ukimwi ulizikumba familia za Busia kuliko sehemu nyingi za Kenya. Barabara ya malori kuelekea Uganda inapita katikati ya kaunti, na magonjwa hupita na wasafiri. Nyanya waliokwisha kulea wakajikuta wanalea tena, safari hii bila mume, bila muwa, na kwa ada mpya za shule na hospitali.

Wakati huo huo, pasipo wengi wetu kujua, wilaya ya Busia ikawa mahali ambapo dunia ilijifunza maana ya ada ndogo kwa mtu maskini. Mwaka 1995 shirika la Kiholanzi la ICS lilichagua shule 14 zilizokuwa na hali mbaya, na kwa bahati nasibu saba zikapewa sare, vitabu na msaada wa madarasa. Mwanauchumi wa Marekani Michael Kremer, aliyewahi kufundisha Kakamega katika miaka ya themanini, alifuatilia kilichotokea. Baada ya miaka mitano watoto wa shule zilizosaidiwa walikuwa wamesoma kwa takriban asilimia 15 zaidi, na wazazi wa shule jirani walikuwa wakiwahamishia watoto wao humo. Sare ile ile inayouzwa Bumala, yenye pindo nene, ilikuwa ndiyo iliyowafungia watoto lango.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi, na linastahili kuelezwa polepole. Kuanzia 1998 Kremer na mwenzake Edward Miguel walishiriki mpango wa dawa za minyoo katika shule 75 za Budalangi na Funyula, ukishuka tu barabara ya Bumala kuelekea Port Victoria. Watoto zaidi ya 30,000 walihusika. Dawa zilipotolewa bure, utoro ulipungua kwa kama robo. Mwaka 2001, katika baadhi ya shule hizo, wazazi walitakiwa kuchangia kidogo. Kiasi hicho kilipogawanywa kwa idadi ya watoto kilikuwa wastani wa senti thelathini za dola kwa mtoto. Palipokuwa bure, robo tatu ya watoto walikunywa dawa. Palipotozwa, hawakufika hata mtoto mmoja kati ya watano. Wala haikuwa kwamba wagonjwa zaidi ndio waliolipiwa: ada iliwaondoa wenye minyoo mingi na wasio nayo vilevile.

Mwaka 2007 Jessica Cohen na Pascaline Dupas walirudia swali hilo kwa vyandarua, katika kliniki za wajawazito za Busia, Bungoma, Butere na Mumias. Baadhi ya kliniki zilitoa bure, nyingine kwa Sh10, nyingine Sh20, nyingine Sh40. Kutoka bure hadi Sh40, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Kulikuwa na hoja maarufu wakati huo kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, kwamba mama asipolipa atakifanya wavu wa kuvulia samaki. Waliopewa bure walilala ndani yake sawasawa na waliolipa. Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi 2019, na sehemu ya ushahidi ilitoka vijiji vya huku. Wamama wa Busia walitoa somo hilo. Ninaona uchungu kwamba wao ndio wa mwisho kufaidika nalo.

Maana hata 2003, baada ya ushahidi wa shule hizo kupatikana, njia ilikuwa ile ile ya 1974. Siku chache tu baada ya uchaguzi uliompeleka bungeni Profesa Christine Mango kwa niaba ya Butula, karo ilifutwa kwa mara ya tatu. Serikali ilitenga Sh1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Wanafunzi nchini walitoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Lilikuwa jambo kubwa na jema, na wapo watu wazima Butula leo wenye kazi kwa sababu ya Januari ile. Ila Sh1,020 haikuongezeka kwa kasi ya bei, mara nyingi ilichelewa kufika, na mwalimu mkuu aliyekosa chaki akamgeukia mzazi. Pesa za majengo zikarudi zikiitwa mchango wa maendeleo, ada ya mlinzi, motisha ya walimu. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipia shule za upili za kutwa Sh10,265 kwa mwanafunzi, ikapandisha hadi Sh22,244 mwaka 2018. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kiwango hicho hakiwezekani tena, na kwamba kinachotolewa ni kama Sh16,900. Tofauti hiyo haiyeyuki hewani. Shule itaitafuta kwa mwenye kuku.

Kwa yatima Serikali ilijaribu njia tofauti. Kuanzia 2004, kwa majaribio ya Sh500 kwa mwezi katika wilaya chache, ilianza kuzipa fedha taslimu kaya maskini zinazolea yatima. Mpango ulienea nchini, malipo yakapanda hadi Sh2,000 kwa mwezi, yakitolewa kila miezi miwili, kwanza kwa Posta kisha kwa benki, na leo uko ndani ya Inua Jamii pamoja na wazee wa miaka 70 na zaidi. Watafiti walioufuatilia waliona watoto wengi zaidi wakiingia shule ya upili. Naamini huu ndio mpango bora kabisa uliowahi kumfikia nyanya wa Butula, kwa sababu haukumuuliza alete nini. Lakini ni Sh2,000 zile zile tangu mwanzoni mwa muongo uliopita, huku sukari na unga vikipanda, na mara nyingi hucheleweshwa hadi nyanya analipwa Machi deni la Januari. Ukishuka barabara ya Kisumu kutoka Bumala, punde tu umeingia Sega, kaunti ya Siaya. Katika vijiji vya kaunti hiyo shirika la Marekani la GiveDirectly lilianza kumlipa kila mtu mzima Sh2,250 kwa mwezi, na vingine vimeahidiwa miaka kumi na miwili. Yapo majadiliano kama mpango huo unaweza kuendeshwa nchi nzima. Usio na mjadala ni utaratibu wake: mzazi anajua tarehe, anapanga mambo yake juu ya tarehe hiyo.

Sasa ni zamu ya afya. Juni 2013 Uhuru Kenyatta alifuta ada za zahanati na vituo vya afya na kufanya kujifungua kuwa bure, mpango uliokuja kuitwa Linda Mama. Oktoba 1, 2024, mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF. Asiye na mshahara hupimwa kwa maswali kuhusu paa, choo na mifugo yake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Kwa hesabu ya mwaka, hiyo ni Sh3,600 badala ya Sh6,000 za NHIF, na Serikali ina haki ya kusema imeshusha bei. Lakini NHIF ilipokea Sh500 mwezi kwa mwezi, na SHA ilitaka za mwaka mzima kwa pamoja. Na mama ambaye jana alijifungua kwa Linda Mama bila kuchangia sasa anahitaji awe amelipa. Kwa kaya inayouza kuku ili kununua rimu, Sh3,600 za mkupuo ni lango lililofungwa, sawa na Sh40 za chandarua. Serikali imeanza kuliona hilo: 2025 ilileta njia ya mkopo wa kulipa pole pole, na Oktoba mwaka huo ikaanza kuwalipia Wakenya maskini milioni 2.2. Mkopo nauona kuwa njia mbovu kwa mtu asiye na kipato cha kila mwezi. Kuwalipia ndiyo njia, na idadi hiyo iongezwe.

Kwa mzazi wa Butula mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani leo kwa sababu ya rimu au mchango, lipo jambo la kushika mkononi. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo, na kinaruhusu michango mingine iliyoidhinishwa kwa sharti moja: hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria masomo kwa kukosa kuilipa. Wajumbe wa bodi za shule wakisome kwa wazazi kabla ya kupitisha mchango wowote. Machifu wakisome barazani. Na mwalimu mkuu akimtuma mtoto nyumbani, mzazi amrudishe mtoto shuleni siku hiyo hiyo, pamoja na nakala ya kifungu hicho.