Vitz RS na IST Chini ya Mlima Sekenke: Historia Fupi ya Gari Dogo Shelui

Shelui ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, uliokaa chini ya mlima Sekenke, pale ambapo barabara kuu itokayo Dodoma na Singida huteremka kutoka uwanda wa juu wa Wanyiramba na kuingia katika mbuga za Wembere, kabla ya kuendelea Igunga, Nzega na hatimaye mipaka ya Rwanda na Burundi. Kwa muda mrefu wapita njia waliujua mji huu kwa malori yanayopoza breki baada ya kuteremka mlima, au yanayojiandaa kuupanda, na gari dogo la mtu binafsi lilikuwa jambo la nadra. Kwa hiyo swali la kuchagua kati ya magari mawili madogo yenye mwendo na sura ya kispoti ni swali la karne hii, na historia yake inaonyesha kwamba mnunuzi alikuwa wa mwisho kuchagua, baada ya barabara, sheria ya kodi na fundi wa gereji kuwa wamekwisha kumchagulia sehemu kubwa.

Kilichowaleta wageni wa kwanza wenye mitambo katika eneo hili kilikuwa dhahabu. Wajerumani waliigundua Sekenke katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na mgodi waliouchimba ukawa wa kwanza wa maana katika koloni lao la Afrika Mashariki. Ni dhahabu ya Sekenke iliyotumika mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imewazingira, kutengeneza mjini Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo hutafutwa na wakusanyaji wa sarafu kwa bei ambayo mchimbaji wa Shelui angeicheka. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita mbali kusini, na tawi lililojengwa na Waingereza kutoka Manyoni hadi Kinyangiri katika miaka ya 1930 liling'olewa katika muongo uliofuata, hivyo mizigo na watu wa Iramba vikabaki kwenye barabara ya udongo. Udongo huo ndio uliokuwa sheria ya kwanza ya usafiri. Katika tambarare ya Wembere kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wakulima wa huko huuita mbuga, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka tope zito linalonata kwenye magurudumu mara mvua zinapoanza. Gari lenye tumbo la chini halikuwa na la kufanya hapo kwa miezi kadhaa ya mwaka, na aliyelazimika kusafiri alitegemea Land Rover, lori, au miguu yake.

Hata hivyo wazo la gari dogo lenye sifa ya mbio halikuwa geni nchini. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka ishirini hivi yaliwafundisha watu wa Afrika Mashariki maana ya pekee ya neno spoti: gari lililosifiwa ni lile lililofika, likiwa limepondeka lakini linatembea. Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha Peugeot 404, na ushindi huo uliijengea kampuni ya Peugeot heshima ambayo matangazo peke yake yasingeweza kuinunua, kiasi kwamba 404 na mrithi wake 504 zikawa gari la daktari wa wilaya, la mfanyabiashara na la teksi ya masafa marefu kwa wakati mmoja. Baadaye Datsun nazo zikashinda, na Joginder Singh akaipa Mitsubishi Lancer ushindi mwaka 1974. Tangu hapo macho ya wanunuzi yalianza kugeukia Japani, ijapokuwa mlango wa kununua ulikuwa unafungwa.

Ulifungwa kwa sababu za siasa na za uchumi pamoja. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 kumiliki gari binafsi kulianza kutazamwa kwa jicho la shaka, na katika miaka ya 1970 uagizaji wa magari uliwekwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation, ambalo liligawa magari kwa vibali na foleni. Kupanda kwa bei ya mafuta, kisha vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, vilikausha fedha za kigeni, na serikali ikafikia hatua ya kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Katika mazingira hayo hakukuwa na uchaguzi wa kuelezwa: aliyepata kibali alichukua gari lililokuwepo. Mabadiliko yalianza na bajeti ya mwaka 1984 ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliyoruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi, na yakaendelea chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye jina lake la Mzee Ruksa linaeleza enzi hiyo vizuri kuliko takwimu.

Magari yaliyoingia kupitia mlango huo yalikuwa ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, na sababu zake ni za kawaida kabisa. Japani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, kwa hiyo usukani uko upande unaofaa. Na sheria ya Japani humtaka mwenye gari kulipeleka kwenye ukaguzi wa gharama kubwa, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miwili, jambo linalowafanya wengi waliuze kabla halijachakaa. Mengi yalipitia Dubai na Zanzibar kwanza, kabla intaneti haijamwezesha mtu wa Singida kulitazama gari likiwa bado Yokohama au Nagoya na kulilipia kwa benki. Gari la namna hiyo, hata likiwa na umri wa miaka kumi, mtaani huhesabiwa jipya siku linapotolewa bandarini na kupewa namba, na upya wake hupimwa kwa herufi ya usajili: la namba E hutazamwa tofauti na la namba C, japo la C huenda lilitengenezwa mwaka uleule.

Ndipo yanapoingia magari mawili ya makala hii. Yote ni ya aina iitwayo hachibeki, yaani gari lisilo na buti la kutokeza nyuma, ambalo mlango wake wa tano hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Toyota ilizindua Vitz mwaka 1999, na muda mfupi baadaye ikaongeza toleo la RS, lenye springi ngumu zaidi, bampa zilizoshuka, rimu pana na, kwa aliyetaka, gia tano za mkono. Mwaka 2002 ikatoa IST, iliyojengwa juu ya fremu ya Vitz hiyohiyo lakini ikiwa na umbo lililonyanyuka, matao ya magurudumu yaliyovimba na matairi ya inchi 15, kana kwamba mhandisi alitaka kuliuzia kundi moja la vijana gari la mbio na gari la safari kwa wakati mmoja. Japani IST iliuzwa na gia za automatiki. Mafundi wanajua jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: toleo la sentimita za ujazo 1,500 la kila moja lina injini ileile, iitwayo 1NZ-FE, yenye nguvu za farasi zinazokaribia 110 na mnyororo wa chuma badala ya mkanda wa mpira wa kuendeshea valvu. Kwa maneno mengine, aliyedai kwamba Vitz RS ina moto kuliko IST hakuwa akizungumzia injini. Alikuwa akizungumzia uzito mdogo, gia za mkono na jinsi gari linavyokaa chini kwenye kona.

Mabishano hayo yasingefika Shelui bila lami. Barabara ya lami kati ya Singida, Shelui na Nzega ilikamilika katika muongo wa kwanza wa karne hii, ikiwa sehemu ya kazi kubwa ya kuunganisha Dar es Salaam na Maziwa Makuu, na kilomita 110 hivi kati ya Singida na Shelui, zilizokuwa safari ya kutwa wakati wa masika, zikawa jambo la saa mbili. Lakini lami haikuuondoa mlima. Sekenke hupandwa kwa kona na mwinuko mrefu nyuma ya malori yanayotambaa, na hapo ndipo tofauti ya magari haya mawili huonekana wazi kuliko mahali pengine njiani. Gia za automatiki za hatua nne za IST, zikiachwa kwenye D, huhangaika kati ya ya tatu na ya nne, injini ikiguna na mwendo ukipungua, mpaka dereva azime gia ya juu kwa kitufe cha O/D au ashushe mkono hadi 2. Mwenye RS ya gia za mkono huishika ya pili au ya tatu na kupata nafasi fupi ya kulipita lori kabla ya kona inayofuata. Wakati wa kushuka kuelekea Shelui mambo ni yaleyale kwa upande wa pili: anayeteremka kwa kukanyaga breki tu huzichemsha mpaka zikalegea, na wenyeji wana ushahidi wa kutosha wa malori yaliyoishia bondeni, ilhali anayeshuka na gia huiachia injini kazi ya kuzuia mwendo. Katika kipande hicho cha barabara RS hushinda bila ubishi.

Hushindwa ikitoka kwenye lami. Mwenye gari Shelui haishi barabara kuu. Huenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu, kwenye mashamba ya alizeti, kwenye minada ya ng'ombe na kwenye msiba kijijini, na njia hizo zina makorongo ambayo bampa iliyoshushwa kwa ajili ya mitaa ya Japani huyasalimia moja baada ya jingine. Ndiyo maana RS nyingi zilizofika vijijini zilinyanyuliwa na mafundi kwa kuwekewa spesa, yaani vipande vya mpira au chuma juu ya springi na shokapu, ili sampo ya oili isigonge mawe. Gari lililolipiwa kwa sababu liko chini lilinyanyuliwa ili litumike, na kile kilichobaki cha uspoti kilikuwa herufi mbili za RS. IST haikuhitaji upasuaji huo, na hili lilikuwa na uzito kuliko yote yaliyosemwa kuhusu kona.

Kodi nayo ilikuwa na neno lake. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, gari linaloingia hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na kwa viwango vya sasa huongezwa ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, ambao kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 ni sifuri na kwa ile ya kati ya 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, na mwishoni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Kwa kuwa injini ya 1,300 na ya 1,500 ziko kwenye kapu moja, sheria haikumwadhibu mtu kwa kutaka nguvu zaidi, na hii ni sababu mojawapo kwa nini aliyekwisha kuamua kutochukua Vitz ya 1,000 hakuona ajabu kupanda hadi 1,500. Adhabu ilikuwa kwenye umri. Gari la miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15 na lililozidi kumi asilimia 30. Thamani inayokubaliwa na Mamlaka ya Mapato ikiwa shilingi milioni 10, injini ya 1,500 iliyozidi miaka kumi hufikia karibu milioni 20 baada ya kodi hizo, kabla ya tozo ndogo za bandari na reli, wakati Vitz ya 1,000 iliyo chini ya miaka minane ingefikia milioni 14 na robo tatu hivi. Kenya ilichagua njia nyingine ya kukataa kabisa gari lililozidi miaka minane. Tanzania iliacha mlango wazi na kumwachia mnunuzi akokotoe.

Aliyekokotoa vizuri aliongeza hesabu ya tatu, ya spea na ya kuuza tena. Kwa kuwa injini ya 1NZ ilifungwa pia kwenye Probox, Raum, Funcargo na Corolla za wakati huo, pampu ya maji au koili iliyokosekana Shelui ilipatikana Singida au ilitumwa kwa basi kutoka Kariakoo ikafika kesho yake. Lakini shokapu halisi za RS, bampa yake na klachi yake havikuwa na ndugu wengi, na fundi alipokosa alibandika za Vitz ya kawaida. IST, kwa upande wake, ilikwisha kuwa gari la biashara. Ilibeba abiria wa kuchangia kati ya miji, kwa mtindo unaoitwa mchomoko katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mwenye kuiuza hakusubiri mteja kwa miezi. Ni vigumu kuwalaumu walionunua kwa kuangalia siku ya kuuza, ingawa wapenzi wa gari huona kwamba kwa njia hiyo Watanzania walijinyima starehe ya gari zuri la kuendesha, na hawakosei.

Matoleo ya pili, Vitz ya 2005 na IST ya 2007, yalibadilisha uwiano huo kidogo. IST ikawa pana na nzito zaidi, na nyingi za 1,500 zikaja na gia zisizo na hatua, zinazofanya kazi kwa mkanda wa chuma kati ya puli mbili na zinazodai oili yake maalumu, jambo ambalo mafundi wa barabarani walilipokea kwa mashaka na baadhi ya wateja wakalilipia kwa kuwekewa oili ya gia za kawaida. Kisha Toyota ikaacha kutengeneza IST mwaka 2016, na mwaka 2020 jina la Vitz nalo likaondolewa Japani, nafasi yake ikachukuliwa na Yaris. Kwa kanuni ya umri iliyoelezwa hapo juu, kuanzia mwaka 2024 hakuna IST inayoweza kushuka Dar es Salaam bila nyongeza ya uchakavu, na kuanzia 2026 hata za mwisho huanza kuingia katika kiwango cha asilimia 30. Zile zinazoendelea kuuzwa Shelui kati ya mtu na mtu ni zilezile zilizokwisha kuupanda Sekenke mara nyingi.