Tembo Juu ya Mti wa Krismasi

Ukiona mti wa Krismasi umetundikwa tembo wadogo wekundu badala ya malaika, usicheke upesi. Huko Marekani mti huo una wenyewe: akina mama wa Delta Sigma Theta, chama cha udugu kilichoanzishwa na wasichana weusi 22 wa Chuo Kikuu cha Howard, Januari 1913. Rangi zao ni nyekundu iliyokolea na malai. Tembo je? Mwasisi mmoja, Florence Letcher Toms, alipenda kukusanya sanamu za tembo. Basi mapenzi ya mmoja yakawa alama ya wote.

Wenzao wa Alpha Kappa Alpha, waliotangulia hapo hapo Howard mwaka 1908, hutundika waridi na kijani. Wanaume wa Alpha Phi Alpha, wa Cornell 1906, nyeusi na dhahabu. Ukiingia sebuleni unajua mara moja uko kwa nani, kama kanga inavyosema bila mdomo.

Wapo wanaosema ati hizo ni mbwembwe za wasomi. Mimi sikubali. Machi 1913, chama hakijatimiza hata miezi miwili, wasichana wale waliandamana Washington kudai kura ya wanawake, ilhali baadhi ya waandalizi wazungu walitaka weusi wakae mkiani. Bibi anapomtundika tembo, mjukuu akauliza huyu wa nini, hadithi ndiyo hiyo. Na haikuishia pale: mwaka 1981 mwasisi Bertha Pitts Campbell, miaka 92, aliongoza wanachama kuandamana tena Washington.