Kupokezana Uongozi na Kuwaaga Watumishi katika Shule ya Kikatoliki ya Wavulana

Baba Askofu anapotangaza uhamisho wa mapadre, parokia huwa zinajua la kufanya. Halmashauri ya walei inakutana, vyama vya kitume vinajiandaa, na paroko mpya anasimikwa kwa ibada ambayo waamini wameizoea. Shuleni mambo huwa tofauti. Mkuu wa shule anaweza kuagwa Ijumaa jioni bwaloni, na Jumatatu asubuhi mwingine akasimama mstarini mbele ya wavulana mia kadhaa, pasipo andiko lolote kati yao wawili isipokuwa barua ya uteuzi. Wazazi husikia baadaye, na mara nyingi kwa njia ya uvumi.

Makala hii inaeleza Kanisa linadai nini katika makabidhiano hayo, na nini wanachostahili watumishi wanaoondoka. Waamini wengi wana watoto katika shule zetu, wengine ni wajumbe wa bodi, wengine ni walimu, wapishi na walinzi. Inafaa wajue kwamba kuagana ni tendo la haki kabla ya kuwa sherehe.

Shule ni ya nani

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, kanuni ya 803, unasema kwamba shule ni ya Kikatoliki inapoongozwa na mamlaka halali ya Kanisa au na nafsi ya kisheria ya umma ya Kanisa, au inapotambuliwa na mamlaka hiyo kwa hati. Tena hakuna shule inayoruhusiwa kujiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka hiyo. Kwa hiyo mkuu wa shule, hata aliyeijenga kwa miaka ishirini kwa jasho lake na kwa misaada aliyoiomba ng'ambo, ni wakili tu. Hachagui mrithi wake, wala hawezi kuondoka apendavyo: kanuni ya 1289 inamkataza msimamizi wa mali ya Kanisa kuuacha wajibu aliokwisha kuupokea kwa uamuzi wake mwenyewe, na Kanisa likipata hasara kwa kuondoka huko, anawajibika kuifidia.

Zipo shule ambazo ni mali ya jimbo lakini zimekabidhiwa kwa shirika la kitawa. Hapo waamini huchanganyikiwa zaidi, wengine wakimlaumu Askofu na wengine Mkuu wa Shirika. Kanuni ya 681 inataka yawepo makubaliano ya maandishi kati ya pande hizo mbili, yakieleza kazi yenyewe, watu watakaotumwa na mambo ya fedha. Na kanuni ya 682 inaeleza kwamba mtawa aliyepewa ofisi ya Kanisa jimboni anaweza kuondolewa na Askofu baada ya kumjulisha mkuu wake, au na mkuu wake baada ya kumjulisha Askofu. Hakuna kati yao anayelazimika kupata kibali cha mwenzake. Padre au Bruda anayehamishwa kwa njia hiyo hajafukuzwa. Ametumwa kwingine.

Wazazi wanayo haki ya kuwaeleza wachungaji wao maoni yao, na kanuni ya 212 inaitambua. Lakini kuwachochea wavulana wagome ili "Padre wetu abaki" ni jambo lingine kabisa. Kwa maoni yangu migomo ya namna hiyo huzaliwa na siri: wavulana wa miaka kumi na sita wakisikia habari jikoni kabla ya kuisikia mstarini, huitafsiri wanavyojua wao.

Hesabu kabla ya hotuba

Maandiko Matakatifu yanatupatia hotuba mbili mashuhuri za kuaga. Samweli, alipokwisha kuzeeka na mfalme kuwekwa, alisimama mbele ya Israeli yote akawataka washuhudie kama amewahi kutwaa ng'ombe au punda wa mtu, kama amemdhulumu yeyote au kupokea rushwa (1Sam 12). Paulo, akiagana na wazee wa Efeso kule Mileto, aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu (Mdo 20). Wote wawili walianza kutoa hesabu wakiwa bado wamesimama mbele ya watu waliowatumikia, kisha ndipo yakafuata machozi na maombi.

Sheria ya Kanisa inafuata mkondo huo huo. Kanuni ya 1283 inaagiza kwamba kabla msimamizi hajaanza kazi yake, ale kiapo mbele ya Askofu au mwakilishi wake kwamba atasimamia vema na kwa uaminifu. Kisha iandaliwe orodha sahihi na iliyo wazi ya mali, zisizohamishika na zinazohamishika, pamoja na maelezo na thamani yake, naye aitie sahihi. Orodha ya zamani ikiwepo, ipitiwe upya. Nakala moja hubaki katika kumbukumbu za shule, nyingine hupelekwa katika kumbukumbu za jimbo. Kanuni ya 1287 inamdai msimamizi atoe taarifa ya mwaka kwa Askofu, na inataka waamini nao waelezwe juu ya mali waliyoitolea Kanisa. Mzazi anayeuliza mchango wa bweni uliishia wapi hana ukorofi. Kanuni iko upande wake.

Kwa shule ya bweni orodha hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Hati ya kiwanja na ramani zake, usajili wa shule, vitabu vya benki na majina ya watia sahihi, madeni ya wazabuni wa mahindi, maharage na kuni, karo ambazo hazijalipwa, vitanda, magodoro, vifaa vya maabara, gari na kadi yake, mifugo, shamba, vyombo vya kanisani. Mkuu mpya asitie sahihi akiwa ofisini. Atembee, afungue ghala, ahesabu magunia. Anayekabidhi asione kwamba amedharauliwa, kwa maana orodha hiyo ndiyo itakayomlinda mwaka ujao, jenereta litakapoharibika na watu wakaanza kuuliza lilinunuliwa na nani.

Fedha ambazo mkuu hupokea kwa jina lake kutoka kwa wafadhili zinadai uangalifu wa pekee. Mfadhili alimwamini Padre fulani, naam, lakini alitoa kwa ajili ya karo ya mvulana yatima. Mvulana huyo hahamishwi pamoja na Padre.

Faili zisizoonekana kwenye orodha

Kuna kabati moja ambalo thamani yake haikadiriwi kwa shilingi: lile lenye habari za wavulana wenyewe. Nani anaumwa kifafa na anatumia dawa gani. Nani amefiwa na wazazi wote wawili na likizo haendi popote. Nani amekwisha kupewa onyo la mwisho. Siri ya maungamo haihusiki hapa kamwe, na padre mlezi wa kiroho hana cha kukabidhi katika eneo hilo. Lakini yale yaliyo ya utawala ni ya shule, nayo yabaki shuleni.

Zaidi ya yote ni malalamiko yanayohusu usalama wa watoto. Mvulana akisema kwamba ameguswa isivyofaa, au amepigwa na kuumizwa, na shauri lake halijaisha siku mkuu wa shule anapohama, shauri hilo likabidhiwe kwa maandishi, likiwa na tarehe na hatua zilizokwisha kuchukuliwa. Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake binafsi Vos estis lux mundi ya 7 Mei 2019, iliyotolewa upya 25 Machi 2023, aliwafunga mapadre na watawa wajibu wa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa Askofu mahalia wanapojua au wanapokuwa na sababu za kuamini kwamba mkleri au mtawa amemdhulumu mtoto kijinsia. Na barua hiyo haiondoi wajibu wa kuheshimu sheria za nchi. Uhamisho haufuti wajibu huo, wala keki ya kuagana haifuti lalamiko. Mtumishi ambaye jambo lake linachunguzwa asiagwe kwa nyimbo na zawadi kana kwamba amemaliza salama. Kufanya hivyo ni kumwambia mvulana aliyesema ukweli kwamba hakusikilizwa.

Mpishi, mlinzi na mwalimu

Mkuu wa shule anapohama, Kanisa linaendelea kumtunza: ana jimbo lake au shirika lake, ana nyumba anakokwenda. Mpishi aliyekoroga uji wa alfajiri tangu shule ilipofunguliwa hana jimbo la kumpokea. Ana mkataba wake, kama aliandikiwa.

Kanuni ya 1286 ni fupi na haina mlango wa kutokea. Wasimamizi wa mali ya Kanisa, katika kuajiri, washike kwa makini sheria za nchi kuhusu kazi na maisha ya jamii, wakifuata mafundisho ya Kanisa. Na wawalipe wafanyakazi ujira wa haki na wa heshima, unaowawezesha kujitunza wao na walio wao. Kwa Tanzania, sheria inayohusika hasa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mkataba unapokoma, mtumishi alipwe mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo aliyokuwa anaidai, na apewe cheti cha utumishi. Mwajiri anapousitisha mkataba wa mtu aliyetumika miezi 12 au zaidi mfululizo, pasipo kosa lake, kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Zipo pia nauli za kumrudisha alikoajiriwa, endapo aliajiriwa mbali.

Kwa anayestaafu, swali kubwa ni michango ya hifadhi ya jamii. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na wa lazima ni 60, na pensheni ya uzeeni hudai michango ya miezi 180. Shule iliyokata fedha katika mshahara wa mlinzi lakini haikuzifikisha kwenye Mfuko imemwibia, na Waraka wa Yakobo (5:4) unasema kilio cha ujira uliozuiliwa humfikia Bwana wa majeshi. Mjumbe wa bodi akitaka kujua kama shule inaagana na watu kwa haki, asitazame zawadi. Aombe kuona stakabadhi za michango ya mtumishi anayeagwa.

Machi 1955, Pugu

Historia yetu inao mfano wa kuagana ambao kila Mtanzania ameusikia nusu nusu. Julius Kambarage Nyerere alianza ualimu katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya Wamisionari wa Afrika. Aliporejea kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, shule ya wavulana iliyoongozwa na Padre Richard Lynch, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954, na Machi 1955 mwalimu huyo alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, ilibidi achague ualimu au siasa. Aliandika barua ya kuacha kazi.

Serikali ya kikoloni haikupendezwa naye, na shule za misheni ziliishi kwa ruzuku ya serikali hiyo. Shinikizo hilo halifichiki. Hata hivyo jambo liliamuliwa kwa uwazi, kwa barua, bila kumchafua aliyeondoka. Nyerere alirudi Butiama, na kwa kipindi akawafundisha mapadre wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Uhusiano wake na Kanisa haukuvunjika. Mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa na Jimbo la Musoma, naye leo anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Miaka kumi na mitano baadaye Pugu yenyewe ilikabidhiwa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ilizichukua shule nyingi za madhehebu, na Pugu ni ya serikali hadi leo. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa.

Siku yenyewe ya kuaga

Hakuna ibada maalumu iliyoamriwa kwa ajili ya mkuu wa shule anayeondoka. Misale inayo Misa ya kutoa shukrani, nayo inatosha. Watumishi wote wanaoondoka mwaka huo waagwe katika Misa hiyo moja, na jina la mpishi lisomwe kwa sauti ile ile inayosoma jina la Padre. Michango ya zawadi iwe ya hiari. Mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa kumnunulia mkuu wa shule ng'ombe. Na wasemaji wasimsifu anayeondoka kwa kumponda aliyemtangulia, hasa ikiwa mtangulizi huyo ameketi meza kuu.

Kwa mkuu mpya, methali ya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda imsaidie kupokea vigelegele kwa kiasi. Wavulana watampenda wiki mbili.

Swali la mwisho huulizwa mara nyingi: je, mkuu wa zamani akae mbali? Kwa kawaida ndiyo, angalau mwaka mmoja, mwenzake apate kusikika. Lakini kwa majirani zetu wa Kenya, katika shule ya wavulana ya Mtakatifu Patrick, Iten, Bruda Colm O'Connell wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick alifika mwaka 1976, akawa mkuu wa shule, na alipokwisha kuuacha ukuu aliendelea kuishi pale akifundisha riadha; David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012, ni mmoja wa waliolelewa naye. Kwa hiyo kila hali iamuliwe peke yake, na Askofu au Mkuu wa Shirika, kwa maandishi, kabla ya Misa ya kuaga: kama anayeondoka atabaki na chumba shuleni, kama ataendelea na kipindi chochote darasani, na nani atajibu barua za wafadhili zitakazozidi kuja kwa jina lake.