Joe: jarida la katuni lililomilikiwa na waasisi wake

Jarida la Joe lilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na mwandishi Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya. Waasisi ndio waliokuwa wamiliki. Hali hiyo iliwapa uhuru wa kuchagua mzaha wao, lakini pia iliwaachia mzigo wa gharama. Mhusika Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, mwenye kuzicheka shida zake. Ajabu ni kwamba alizungumza na wasomaji kwa Kiingereza.

Ng'weno alijitoa mapema, na mwaka 1975 akaanzisha The Weekly Review. Hirst aliendelea hadi jarida lilipokoma mwaka 1979.

Katika miaka ya 1980 Hirst alirejea na Pichadithi, mfululizo wa ngano zilizochorwa, uliochapishwa na Kul Graphics. Miongoni mwazo ni ile ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye sifa zake husimuliwa hadi Homa Bay na Migori. Mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe, hata mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kuwa uhai wake umo kivulini. Siri ya namna hiyo mchoraji huionyesha kwa wino mweusi tu.